Vipakiti Viwili Vyeupe

Jumatatu, 8 Juni
Mzigo wa chuo umefika! Wiki kumi na moja nasomea ufamasia kwenye simu yenye ufa, leo ndiyo mara ya kwanza nashika dawa yenyewe. Poda ya zinki na mafuta mgando – vya kutosha mara moja tu. Ijumaa mtihani wa vitendo: kutengeneza marhamu mbele ya kamera. Nikifeli, narudia mwaka. Mama kasema nisithubutu hata kupiga chafya karibu na hiyo poda.

Jumanne, 9 Juni
Mazoezi, kwa unga wa ngano na mafuta ya kujipaka ya mama. Kibao cha maabara sina, kwa hiyo nimechomoa kioo kwenye picha ya harusi ya mama na baba. Kisu cha siagi ndicho cha kuchanganyia. Imetoka laini hiyo! Bibi kaibeba akapake magaga yake. Bibi, ni unga na mafuta tu! Eti nisimwonee wivu.

Jumatano, 10 Juni
Nimeshikwa na wazimu wa lebo. Mwalimu wetu – tunamwita Kipimo, maana hata salamu anaipima – kasema kisicho na lebo si dawa, ni balaa. Basi sukari: “Kijiko kimoja, kutwa mara mbili.” Chumvi: “Weka mbali na watoto.” Kaka kaamka na yake kwenye paji la uso: “Tikisa kabla ya kutumia.” Nimecheka hadi mbavu zinauma. Mama naye kacheka, kisha kaniamuru nibandue zote.

Alhamisi, 11 Juni
Nimepima poda ya mtihani, nikaikunja kwenye karatasi. Nikapima unga wa zoezi la mwisho, nikaukunja vilevile. Bando likakata! Mbio dukani. Nimerudi hoi, zoezi sikufanya. Nalala.

Ijumaa, 12 Juni
NIMEPITA! Tisini na moja! Mtandao ulikatika mara mbili, Kipimo akaganda mdomo wazi, nikajiuma ulimi nisicheke. Kanisifu mbele ya darasa zima: laini, haina hata chembe. Na lebo ya kopo – alama zote! Nimemzungusha bibi jikoni mpaka kaomba kiti. Anasema magaga yamepona.

Bado Ijumaa, saa kumi jioni
Nilikwenda kurudisha ule unga uliobaki kwenye debe. Nikafungua karatasi. Mbona mweupe mno?

Nikachukua iodini ya vidonda. Tone moja kwenye unga: rangi haikubadilika. Tone moja kwenye marhamu yangu ya tisini na moja: bluu iliyokoza, karibu nyeusi. Wanga! Hata wanafunzi wa sekondari wanajua iodini hugeuza wanga bluu. Nimefanya mtihani kwa ngano! Nimembandika lebo hadi kaka yangu, vipakiti viwili nikaviacha bila lebo.

Nacheka. Kaka kasema ninyamaze, kamera haina ulimi wa kuonja. Lakini siku moja kopo kama hilo litakuwa mkononi mwa mgonjwa. Naogopa, jamani, mwaka mzima huo! Nimemwandikia Kipimo: “Mwalimu, poda ya zinki bado ninayo.” Kasoma.

Saa kumi na nusu
Anapiga! Kwa video! Simu naichaji sebuleni – bibi keshapokea. Namsikia hadi huku: “Wewe ndiye mwalimu? Ile dawa ya mjukuu wangu kiboko! Ngoja nikuonyeshe kisigino –”