Gauni Jeupe na Wino wa Kura

2 Septemba

Mwanangu kitindamimba,

Hujambo? Kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, goti tu ndilo lina yake.

Uchaguzi ni tarehe ishirini, nami nimeapa, safari hii napiga kura hata kwa kutambaa. Unajua kinachonikera. Miaka mitano iliyopita tulikuwa na gauni jeupe la harusi mezani. Nikawakataza mafundi wenzangu wawili kwenda kituoni, nami nisiende, eti wino wa kidoleni utatutilia doa. Mkunga wetu, aliyetaka udiwani ili zahanati iwekewe maji, akashindwa kwa kura tatu. Tatu, mwanangu! Mimi na wale wawili. Hadi leo mama mjamzito akipita dukani na ndoo yake ya maji kwenda kujifungua, natazama chini.

Mkunga anagombea tena. Na kama kusudi, nina gauni jingine jeupe, la mwalimu anayeolewa tarehe ishirini na moja. Lakini hili nitalimaliza mapema.

Mama yako


8 Septemba

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha. Huku chumba cha kufulia cha hospitali ni shuka juu ya shuka, ila afya ipo.

Mama, usijibebeshe dhambi za mtaa mzima. Wako waliolala tu siku ile, wala hawana hata sindano ya kusingizia. Ila nikuulize, umewahi kumaliza gauni mapema lini? Langu la mahafali nililivaa na pini mbili mgongoni, nikaogopa hata kuegemea kiti! Haya, shona. Nami nimeomba ruhusa ya asubuhi ile nikapige yangu.

Kitindamimba wako


18 Septemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Naandika mbiombio, dereva wa basi ananisubiri.

Gauni lilikuwa tayari tangu juzi, nikajisifu mtaa mzima. Leo mwalimu amekuja kulijaribu, zipu haifiki hata nusu. Kumbe ana mimba ya miezi minne, aliona haya kuniambia. Ni kufumua kiuno chote. Wenzangu nimewaambia wao lazima waende kituoni. Mimi sijui. Nimelia, sikufichi.

Mama yako


21 Septemba

Mwanangu,

U hali gani? Ulipiga? Mimi miguu imevimba, lakini nina furaha ya kuwagawia majirani.

Jana alfajiri nililifunga gauni ndani ya shuka nikaenda nalo kituoni. Foleni ilikuwa imeshaizunguka shule. Mwalimu akaja kusimama nyuma yangu, nami nikashona humo humo, watu wakishika pindo lisiguse vumbi. Muuza mkaa naye akanyoosha mikono kusaidia. Walivyompigia kelele! Akacheka, akaamua kunikinga jua kwa mwavuli wake.

Nafika mlangoni, vifungo vinne bado. Nikamwambia mwalimu, "Tangulia wewe, mwanangu. Mimi nikimaliza nitarudi."

Akanishika mkono. "Fundi, ndoa itafungwa hata bila vifungo vinne. Lakini mwezi wa pili nitajifungua, na sitaki kwenda zahanati na ndoo. Ingia."

Akalipokea gauni, nikaingia. Alama niliiweka pale pale nilipotaka. Nilipotoka nikakiinua kidole changu cheusi, foleni nzima ikanipigia makofi, nikaona haya kama bibi harusi.

Vifungo nilivishona nyumbani, kidole nimekiviringishia kitambaa. Kuna kidoa kimoja kwapani. Mwalimu anasema hakioni, na leo ameolewa nacho.

Kura bado zinahesabiwa. Huyu anasema mkunga anaongoza, yule anasema yuko nyuma. Moyo wangu unaniambia maji yatakuja. Akishindwa tutajipanga tena, mwanangu, lakini hatashindwa kwa sababu yangu.

Mama yako, mpiga kura