Mifupa Tuliyoachiwa na Mama

Katuba, Jumanne jioni

Basi, sikurithi yote. Tangu tutoke hospitalini nayarudia maneno hayo kama rozari.

Mama alivunjika nyonga akiinuka tu kitini, na hakutembea tena hadi kufa. Dada yangu Kabwe alivunjika mkono akisonga bukari. Mimi nina miaka sitini na mbili, na siku hizi naogopa hata kupiga magoti kanisani.

Leo daktari aliitazama picha ya mifupa yangu kwa muda mrefu, mpaka nikakasirika.

"Dokta, sema tu!"

"Mama, mifupa imepunguka kidogo, lakini iko nguvu. Haiko sawa ya dada yako."

"Na damu ya mama yetu?"

"Iko. Ile muntu anazaliwaka nayo. Lakini si ile peke yake inaamuaka. Kutembea, kula muzuri, jua, vyote vinasaidiaka."

Nililia mbele yake bila haya.

Ndipo binti yangu Odette, aliyenisindikiza, akauliza kwa sauti ndogo: "Na miye je, dokta?"

Miaka yote hii nilijiogopea mwenyewe tu. Yeye sikumfikiria hata siku moja. Daktari alimwambia kwamba ana bahati, amejua mapema, na aanze sasa kuitunza mifupa yake.

Nje nilianza kutafuta taxi-bus. Odette akanishika kiwiko, kama kawaida yake, akasema, "Tutembee kwanza, mama."

Nikamwambia sawa, ila aniachie mkono.