Adresi ya Fasi Tuko

Jumanne, mwezi wa pili, 2016. Buffalo. Theluji inaanguka tangu asubuhi, ile ndogondogo ya kiburi, haina haraka na mtu. Niko kwenye kiti cha hospitali, naandika na kidole kimoja kwenye telefone.

Wote wanaisimulia vibaya ile habari ya Jumamosi.

Hapahapa mjini, East Side, wanasema ambulansi ilikwama kwenye theluji. Uongo. Columbus, wale wa Whitehall, wanasema mtu wa ambulansi alisikia Kiswahili akakata telefone. Uongo tena, yule mama wa kwenye telefone alikuwa na subira kuliko mimi. Louisville ndiyo mbaya kabisa: mtoto wangu Sifa alinipigia analia, juu mtu alimwambia mama yake amekufa na tunatafuta jeneza. Bon. Mama Sifa hajakufa. Iko hapa mbele yangu, amelala, na mkono wake wa kuume umelala kumshinda.

Na kuna wengine, hao ndio wananiumiza, wanasema mzee aliokoa bibi yake. Miaka yote nimejisifu mpaka mate yakauka, hakuna aliyeamini. Mara hii sijajisifu, wote wameamini.

Acha niseme vile ilikuwa.

Mimi shule sikuenda. Herufi nilijifunza kambini Tanzania, kwa kusoma mifuko ya unga. Lakini skauti, hapo usiniguse. Nilikuwa skauti kwa mapadri kule Uvira, nikiwa bado mtoto wa miguu ya korongo. Kuna siku mtu alivunjika mguu mlangoni mwa kanisa, nikamfunga na mshipi wa padri mwenyewe. Misa yote padri alibariki watu na mkono mmoja, ule mwingine umeshika suruali chini ya kanzu. Mguu ulipona. Suruali sijui.

Donc, kanisa letu hapa Black Rock lilipotaka mtu wa kufundisha watoto mambo ya skauti na ya kusaidia mtu akiumia, wangemuita nani mwingine? Kila Jumamosi asubuhi tunakutana kwenye chumba cha chini ya kanisa, watoto kumi na wawili na skafu zao za kijani. Wananiita Babu. Mimi nasema Kiswahili, wao wananijibu Kingereza, tunaelewana kwenye bandeji.

Lakini somo langu kubwa halikuwa bandeji. Lilikuwa adresi. Niliwaambia: mtu anaweza kutoka damu kama bomba, na wewe ukipiga telefone bila kujua uko fasi gani, umepigia upepo. Na sababu Kingereza wanaandika hivi wanasoma vile, mimi adresi nazishika kwa kuimba. Louisville niliimba ya kwanza, wiki ile tulishuka ndege. Tukahamia Columbus kufuata kazi ya kupanga maboksi, nikaimba ya Whitehall miaka mitatu mizima. Mwaka jana tukaja Buffalo juu nyumba ni bei rahisi, nikaimba ya tatu.

Watoto niliwafundisha hivyohivyo. Kila mmoja anasimama, anaimba kwao. Ni Riziki tu alikataa, mtoto wa jirani yetu, miaka kumi na moja, mdomo wa miaka arobaini. Aliona ni mambo ya kizee. Nikamwambia, "Sawa, siku ukipotea tutakutafuta kwa harufu ya soksi." Hakucheka. Aliandika adresi yake kwenye karatasi, akaiweka ndani ya kiatu, akaniangalia.

Jumamosi Mama Sifa alikuja na mandazi na chai, kama kila wiki. Anakuja pia kunirekebisha. Nikisema niliogelea ziwani nusu siku na mtu mgongoni, yeye kutoka nyuma anasema, "Baba Sifa, yale maji yalikuwa ya magoti." Watoto wanangoja hapo kuliko somo lote.

Alikuwa anamimina. Kikombe kikajaa, chai ikaenda mezani, ikaenda chini, na yeye anaendelea kumimina. Nikamwambia, "Mama, leo unataka kutuogesha?" Watoto wakacheka. Akageuka aniangalie, mdomo wake ukaja upande mmoja.

Nilijua. Palepale nilijua.

Jambo hilo la kiharusi nililifundisha mwenyewe mwezi uliopita: mwambie acheke, mwambie ainue mikono, mwambie aseme jina lake. Riziki alikuwa tayari mbele yake anamuuliza. Wawili wakamshika wakamlaza pole pole, mmoja akaweka koti chini ya kichwa, mmoja akasoma saa ya ukutani akaiandika kwenye kiganja. Bila kelele. Ningekuwa mtu mwingine ningepiga makofi.

Riziki akanyoosha mkono nimpe telefone. Nikasema, "Wacha. Mwalimu ni mimi."

Nikapiga. Yule mama akauliza fasi gani. Nikafungua mdomo, wimbo ukatoka.

Wa Whitehall.

Niliuimba wote mpaka namba ya mlango. Akauliza kitu, nikasikia ndani yake neno Buffalo, nikasema yes. Akauliza tena, nikaimba tena, kwa nguvu, nikidhani hasikii vizuri. Mara ngapi? Tatu. Labda nne. Tena nilikuwa namkasirikia. Mtu mzima, jasho linatoka, naimba nyumba ya Columbus ambamo sasa wanakaa watu wengine, na bibi yangu iko chini ananiangalia na jicho moja.

Riziki akaninyang'anya telefone. Naye akafungua mdomo, akaanza kuangalia kuta.

Hatukuwa nyumbani kwa mtu. Tulikuwa kanisani. Watoto kumi na wawili, kila mmoja anajua adresi ya kwao, na hakuna hata mmoja anajua adresi ya fasi tuko. Sikuwafundisha. Mimi mwenyewe sikuijua. Kwangu kanisa ni kanisa, unashuka basi unafuata watu.

Akakimbia nje bila koti, telefone kwenye sikio. Sisi kule chini tukasikia chuma kinagonga chuma, kinagonga, kinagonga. Baadaye ndiyo nilielewa. Kibao cha barabara kilikuwa kimefunikwa na theluji, haoni jina, akachukua beleshi la mlangoni akapiga nguzo mpaka theluji ikaanguka yote, nusu yake kwenye shingo yake. Akasoma. Ambulansi ikaja haraka, hakuna aliyekwama.

Wakati wanamwingiza ndani ya gari, Mama Sifa akafungua jicho akasema pole pole, "Baba Sifa, hata ambulansi unaizungusha." Hilo nimewaambia watu wote. Wanacheka, wanasema kama bado anakutania, atapona.

Daktari alinieleza kupitia mkalimani, mama mmoja Mkenya kwenye telefone, kwamba damu iliziba kichwani, na kwa ugonjwa huu kila dakika inakula kitu. Akamshukuru mtoto aliyeandika saa. Mimi hakuniuliza nilikuwa nafanya nini dakika hizo. Afadhali angeuliza.

Tangu siku ile nafanya hesabu moja tu. Kutoka kikombe mpaka beleshi. Wimbo wa kwanza ulikula nini? Vidole? Wa pili ulikula mkono? Ule wa tatu sitaki kujua.

Jana Mama Riziki alinipigia. Anasema watoto wanauliza kama Jumamosi nakuja, na pasta anataka kunishukuru mbele ya kanisa lote. Nilikuwa nimeshakunja skafu, nimeiweka kwenye mfuko wa plastiki nimrudishie pasta. Nikamjibu, "Mwambie pasta asinishukuru." Akasema, "Mzee, mwambie wewe mwenyewe. Mimi nauliza ya watoto."

Bon. Nitaenda. Nitawaambia watoto niliimba nyumba gani. Halafu nitawatoa wote nje kwenye baridi, wasome kibao mpaka wakichoke, na beleshi nitampa Riziki afundishe. Mimi nitakaa nyuma, kwenye kiti cha Mama Sifa.

Sasa hivi nimemsomea haya yote, karibu na sikio lake, pole pole. Nilipofika kwa padri na suruali nikasimama kidogo, nikangoja anirekebishe. Hakuna.

Donc najirekebisha mwenyewe. Yale maneno ya ambulansi hakuyasema. Tangu ile chai hajasema neno. Ni mimi nilimsemea.