Kitanda Kitoke Chumba cha Kona

Arua, Uganda

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Zubeda, wewe unayemsomea, hiyo shikamoo isome kwa sauti kisha ungoje aitikie, ndipo uendelee. Dada yangu nakujua, unapenda kuruka.

Mama, hujambo? Miguu inaendeleaje, na ile dawa ya kuchua unaitumia au umeiweka kabatini kama ile nyingine? Je, kikohozi kimepungua? Mimi ni mzima wa mwili. Chakula napata, homa sijapata tangu nilipokuandikia mara ya mwisho. Kinachonisumbua ni hasira, na hasira haina dawa ya kuchua.

Najua utauliza kwa nini naandika barua na simu ninayo. Naandika kwa sababu barua haikatiki. Kwenye simu nikitamka neno sakafu tu, unasema, "Mtandao mbaya, mwanangu," na kimya. Mara ya mwisho nilikusikia kabisa ukimwambia Zubeda, "Ameanza tena," kabla hujabonyeza. Basi barua hii nampa dereva wa lori anayerudi Tanga, na itasomwa mpaka mwisho.

Shemeji Athumani ameniambia ufa wa chumba chako cha kona sasa unaingia kidole, na mlango haufungi. Ameniambia pia alileta fundi wa pale pale Muheza, mtu mzima na vifaa vyake, ukamrudisha kutoka mlangoni na hata chai hukumpa. Mama, wewe kumnyima mgeni chai, ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Unajua vizuri kile chumba kiko juu ya nini. Baba, Mungu amrehemu, alipokiongeza alikiweka juu ya shimo la choo cha zamani. Alilifukia kwa majivu, makuti na udongo wa juu juu, akamwaga sakafu, akasema limekwisha. Shimo la namna hiyo haliishi. Makuti yanaoza, udongo unashuka, sakafu inabaki inaning'inia na wewe umelala juu yake. Masika ikichanganya, maji yakaingia kule chini, sitaki kusimuliwa kitakachotokea.

Sasa nikueleze yaliyonikuta huku, ujue si wewe peke yako unayenikataza kufanya kazi yangu.

Tangu ile shule tuliyokuja kuijenga imalizike, najipatia riziki kwenye nyumba za zamani. Huku ziko nyingi, kule juu Arua Hill zilizojengwa wakati wa wakoloni, na huku chini walizojenga watu wa hapa kwa kuziiga. Ninayoisema iko chini ya kilima, ya mama mmoja Mlugbara, mjane, anaitwa Mama Ayikoru. Babamkwe wake alikuwa karani, akajijengea nyumba ya sakafu ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo fupi za mawe. Nyumba nzuri, ya watu waliojua kazi. Baadaye mwana wa huyu mjane, Drani, ambaye ni mfanyabiashara wa mbao huko Koboko, akamwongezea mama yake chumba cha kulala upande wa nyuma. Na wewe unajua ninavyosema kila siku kuhusu vyumba vya kuongeza.

Drani ndiye aliyenipa kazi. Sakafu ya kile chumba ilikuwa imebonyea kama godoro la zamani. Nikafungua mbao, nikakuta mihimili imeliwa na mchwa, imebaki ganda. Nikatoa yote, nikaweka mipya ya mti mgumu, nikaipaka oili chafu, nikapigilia mbao, nikaweka pimamaji, kipovu kikatulia katikati. Nikaondoka najisifu.

Mvua za kwanza hazijaisha, simu inalia. "Fundi, kuja. Kitanda yangu naingia chini."

Nikaenda nikakuta mguu wa kitanda umetoboa mbao zangu mpya. Majirani wamejaa uani, na kila mmoja ana la kusema juu ya fundi wa Tanzania. Nilitamani ardhi inimeze, na kwa ile sakafu ilivyokuwa, ingeweza.

Nina mwenzangu wa kazi, Lado, mtu wa Sudan Kusini aliyekuja huku akikimbia vita, mwembamba kuliko mimi. Akatambaa chini ya nyumba. Alipotoka alijipangusa kwanza, akasema, "Mawe hapana simama juu ya kitu. Chini iko wazi." Nikachukua nondo nikaisukuma ardhini kando ya nguzo. Ilizama kama mwiko kwenye uji. Mchwa walikuwa wameshakula udongo wote wa chini, wamejichimbia njia mpaka kwenye msingi, na vijia vyao vya udongo vinapanda juu ya mawe hadi kwenye mihimili yangu. Tukavifuata vinakotoka. Vinatoka kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba, kimeegemea ukuta wa chumba chenyewe.

Nikafurahi, Mama. Nikamwambia mama wa nyumba, tatizo nimelipata, kesho tunachimba kichuguu, tunatoa malkia, tunajaza mawe na zege, nawe utalala kwa amani.

Akaniangalia kama nimemtukana. "Fundi, hii kichuguu hapana guswa. Hii iko ya mama ya bwana yangu. Alinipa siku mimi nazaa Drani."

Kumbe huku kichuguu kina mwenyewe, kama shamba. Mtu anarithi. Mvua zikianza, mwenye kichuguu anavuna kumbikumbi, anawakaanga kwa chumvi, wengine anawatwanga, na watu wanawapenda kuliko nyama. Sisi kwetu tukiwaona tunawaita kuku waje wawale. Nikamwambia nitamnunulia kumbikumbi sokoni, debe zima. Hapo nilikosea vibaya.

"Sokoni mutu nanunua," akasema. "Mimi nagawa. Mutu akitoka Aroi, akitoka Adumi, akija kwa msiba, mimi nampa. Wewe ukitoa hii, mimi nabaki mzee ya kungoja watoto walete chakula. Wewe nataka mimi iwe hivyo?"

Nilikasirika. Nilimjibu kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Nyumba inaanguka, mtu anakuambia habari za wadudu.

Nikapanda gari mpaka Koboko kwa Drani, nikasema mwenye pesa yake atamaliza maneno. Nikamkuta dukani kwake katikati ya mbao, wateja wanaoelekea Sudan na wanaotoka Kongo wanampigia kelele. Nikamweleza. Hakuinua hata kichwa.

"Jumapili mama iko kanisani. Chimba. Akirudi atapiga kelele, halafu itakwisha."

"Kwa nini usije umwambie mwenyewe?"

Akacheka. "Wewe iko fundi ama mimi iko fundi? Mama yangu mimi hapana weza." Kisha akaniambia kuna nyumba kuukuu pale Koboko, ya Waislamu wa Kinubi, msingi umepasuka pande zote, kazi ya mwaka mzima, na nikimaliza hili la mama yake vizuri ni yangu.

Mama, nisikufiche, nilirudi nimeshakubali. Nilimwambia Lado alete majembe Jumapili. Lado akasema, "Mimi hapana shika jembe ya kuiba." Nikamwita mjinga, na siku mbili tukala bila kuongea. Ijumaa mvua ikanyesha kubwa, na kabla Jumapili haijafika, Jumamosi jua likawaka, na kichuguu kikaamka.

Nilifika asubuhi kupima, nikakuta uani sherehe. Kichuguu kimefunikwa majani na blanketi, pameachwa tundu moja tu lenye chungu, na wanawake wamekaa chini wanagonga ubao kwa vijiti, taratibu, kama matone ya mvua, ili kumbikumbi wadhani mvua inawaita. Nikautazama ule ubao. Ulikuwa ni wa kwangu, ule uliotobolewa na kitanda.

 

Wakagonga, wakagonga, kwenye chungu hakuna kitu. Mama Ayikoru akaanza kuona haya mbele ya wageni. Mara mtu akapiga kelele ndani ya nyumba. Tukakimbilia chumbani. Kumbikumbi walikuwa wanatoka huko, kwenye nyufa za sakafu, maelfu kwa maelfu. Kitanda hakionekani, chandarua kimejaa mabawa, wengine wanapanda ukuta. Wanawake wakaingia na ungo na ndoo, wanazoa, wanacheka, mmoja anasema chumba kimezaa. Mimi nimesimama mlangoni na pimamaji yangu mkononi. Nilikaribia kulia, wala si kwa furaha.

Mama Ayikoru hakuwa anazoa. Alisimama karibu nami, akatazama muda mrefu. Alikuwa anawaona wakitoka chini ya pale anapoweka kichwa akilala.

"Fundi," akasema, "hii chumba kwisha kuwa yao."

"Ndiyo, Mama."

"Basi kata chumba."

Nilidhani sikumwelewa. Akarudia. Nivunje kile chumba chote, kichuguu kibaki, nyumba irudi ilivyokuwa wakati wa babamkwe wake. Atalala sebuleni. Jioni ile ile, na watu bado wanakaanga kumbikumbi uani, akashika upande mmoja wa kitanda chake mwenyewe, sisi tukashika mwingine, kikahama. Hakungoja mwanawe, hakungoja Jumapili.

Tumekivunja chumba, Mama. Tumechimba mfereji kati ya nyumba na kichuguu, tumeujaza zege, na juu ya kila nguzo iliyobaki tumeweka kipande cha bati kilichokunjwa ukingo, ili mchwa wakipanda waonekane na wafagiliwe. Ndiyo kazi niliyopaswa kuifikiria tangu mwanzo, lakini nani angethubutu kumwambia mwenye nyumba akate chumba chake cha kulala? Mimi na Lado tunaongea tena.

Siku ya kumalizia alinipa sahani ya kumbikumbi. Nilikula, usicheke, ni watamu. Tulipokuwa tunakula akaniuliza, "Mama yako iko na nyumba?"

Nikasema iko.

"Nani natengeneza?"

Nikapata pa kutolea yangu ya moyoni. Nikamsimulia yote, shimo, ufa, fundi aliyenyimwa chai. Nikamwambia, mama yangu ni mkaidi kuliko wewe, yeye mafundi wote anawafukuza, anasema, "Nimezaa fundi, sitaingiziwa fundi wa kukodi."

Akaacha kutafuna. "Yeye hapana kataa fundi," akasema. "Yeye naita fundi."



Mama, nimekasirika. Nilikasirika siku ile na hata sasa ninapoandika bado nimekasirika. Kwa nini usiseme? Simu ninayo, ungesema tu, "Shabani, rudi." Maneno mawili. Badala yake unakaa juu ya shimo unaningojea kama mtu anayelala njiani ili gari lisimame. Na mimi mpumbavu, natuma ushauri wa kokoto na saruji kwa shemeji, nafikiri unaukataa ufundi. Nimekaa mbali mno. Nimewatengenezea akina mama wa watu sakafu za kulala, na wa kwangu anasikia udongo ukishuka chini ya kitanda. Nimekukumbuka mpaka naona haya kuandika, na Zubeda ndiye anayesoma.

Nimempigia Drani nikamwambia ya Koboko atafute mwingine. Amenuna. Nimempa jina la Lado, ni fundi kamili na haibi kwa jembe.

Nakuja. Nitapasua hiyo sakafu, nitazoa uozo wote wa kwenye shimo mpaka nifike ardhi ngumu, nitalijaza mawe, kisha nitamwaga jamvi jipya la zege, kwa mikono hii uliyoizaa. Hakuna atakayeingia chumbani kwako isipokuwa mimi. Lakini barabara ni ndefu, mvua haitaningoja, na sitaki kufika nikakuta watu wamekaa uani kwenye mikeka.

Msalimie shemeji Athumani, mwambie namshukuru kwa subira yake. Wasalimie wanawe wote, yule mdogo mwambie mjomba anakuja na zawadi ila si kumbikumbi. Msalimie mama mdogo wa Korogwe akipita, na shangazi, mwenye ugomvi na kuku wa jirani. Yule fundi uliyemfukuza, akikatiza barabarani, mwite umpe chai yake.

Sasa Zubeda, sikiliza. Mwite mumeo. Barua hii usiikunje kwanza, iache wazi hapo mezani, mpaka kitanda cha Mama kiwe kimetoka chumba cha kona. Mama, shika upande mmoja.

Mwanao,
Shabani fundi