Kompyuta Iliyofunikwa Taulo

Oulu, 9 Novemba

Baba mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, kuni umeshazipanga na goti halikusumbui sana na baridi hii. Mimi sijambo, ingawa mkate wa shayiri wa huku haufikii wako. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu sisi wawili huishia kuzungumzia theluji tu.

Unajua kwamba Jumamosi najitolea na wenzangu kwenye ile programu ya kuorodhesha ndege, uliyoitumia miaka kumi na tisa. Mimi ndiye ninayeandika tovuti yake. Mwezi wa nne tulitoa toleo jipya lisilofanya kazi kwenye kompyuta za zamani. Tovutini tukaweka sentensi moja: "Hatuhudumii tena kompyuta zenye mifumo ya zamani." Basi. Hakuna aliyelalamika, na Jarkko, kiongozi wetu, akatamba kwamba kimya hicho ni dalili watu wameridhika.

Wiki mbili zilizopita ikaja kadi ya posta kutoka kwa Bi Hilkka wa Lieksa. Alitushukuru kwa miaka yote, akasema kwa kuwa kompyuta yake imekataliwa ameifungia stoo, pamoja na orodha ya korongo aliyoianza na marehemu mumewe. Hakuomba kitu. Jarkko akaguna, "Jamani, bibi anatuaga kama tuko msibani! Si angepiga simu tu?" Nikamuuliza kama yeye angepiga. Akakuna kichwa, akakiri kwamba huu ni mwaka wa tatu anavumilia tarumbeta ya jirani bila kusema neno.

Toleo la zamani lipo, Baba. Lilikuwepo siku zote, ila hatukumwambia mtu.

Nikakumbuka sikukuu ya kiangazi. Nilikuuliza habari za bata maji, ukasema umepumzika na mambo ya ndege, huku unasuuza birika la kahawa. Kompyuta yako niliiona kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna, lile bafu lako la mvuke, imefunikwa taulo. Sikuuliza.

Sentensi ile niliiandika mimi. Na nilipoiandika nilikukumbuka, nikajiambia, Baba atauliza. Kana kwamba sikujui.

Nimeuandika upya ukurasa. Sasa unasema: "Kama kompyuta yako ni ya zamani, chukua toleo letu la zamani, la nne. Halitaongezewa kitu kipya, lakini orodha zako zote zitafunguka. Ukikwama, piga namba hii." Namba ni yangu. Bi Hilkka alipiga juzi, nikamwelekeza hatua kwa hatua hadi orodha yake ikafunguka, akasema, "Haya, korongo wametoka," akakata.

Nisalimie shangazi Sylvi na paka. Itoe kompyuta humo saunani kabla mvuke haujaimaliza. Na ukikwama nipigie, Baba, ila siku hiyo usiniambie habari za theluji.

Binti yako,
Vilja