Vibuyu Tupande vya Namna Gani

Mazinde, kambi ya mkonge

Mwanangu Zaina,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Mimi na baba yako wazima, ila mgongo unamsumbua kwa kukata mkonge. Mtoto kikohozi kimepungua? Usimwogeshe asubuhi na baridi.

Zaina, vibuyu usipande kwanza. Soma mpaka mwisho, maana nimechanganyikiwa.

Vile ulivyonitumia vilitoka vizuri. Wakata mkonge wananunua vya kubebea maji, hawana kitu, nikawauzia kwa bei ndogo. Wamama wa Kimaasai wanataka vya shingo ndefu vya maziwa, hao walilipa zaidi kidogo. Wenye magari ya kwenda Moshi wanataka vya kutundika ukutani tu, Zaina, ukutani! Hao niliwatoza sana na wakalipa wanacheka.

Basi akaja balozi wetu wa nyumba kumi. "Mama Zaina, kitu kimoja bei tatu? Huo ni unyonyaji. Bei iwe moja."

Nikaogopa, nikaweka moja ya chini. Siku ileile mwenye gari akabeba vyote. Baadaye akafika Nashipai, Mmaasai mteja wangu, katembea toka nyikani, kibuyu chake kimepasuka. Nikamweleza. Akaniita mama kwa Kimaasai, "Yeyo, sasa wanangu wakanywe maziwa kwenye ukuta wa mwenye gari?"

Mzigo wa pili ulipofika, bila vya shingo ndefu, nikapandisha hiyo bei moja. Wakata mkonge wakawa wanapita, "Mama, siku hizi unauza dhahabu?" Balozi mwenyewe akataka kimoja: "Nipunguzie, mimi si mgeni." Nikamwambia bei ni moja, balozi. Kaondoka kanuna, na mimi namwogopa mpaka leo.

Sasa bei ya chini inamnyima Nashipai, ya juu inafukuza wakata mkonge. Baba yako anasema panda vingi vya aina moja. Mimi nawaza vile vidogo vya mviringo, visivyofaa maji wala maziwa, viwe vya wenye magari. Kitu kikiwa si kimoja, bei nayo si inaweza kuwa mbalimbali? Au huo nao ni unyonyaji? Muulize mjomba wako, katibu wa kijiji, yeye anajua mambo haya.

Nisalimie bibi yako, mwambie ugoro wake nimeupata. Msalimie mumeo, na shangazi yako mkunga, asichoke kukuangalia.

Mvua ikitangulia kabla mjomba hajajibu, anza na vya shingo ndefu, hata vikinitia hasara. Nashipai nimeshamwahidi, na sasa anakamulia kwenye sufuria ya kuazima.

Ni mimi mama yako, nakuwaza kila saa,
Mwanaidi