Kidole cha Nabwire Kwenye Taa

Malaba, Jumanne

Mama Wandera,

Goti lako limeamkaje? Na dagaa wako wa omena wamekauka, ama mvua ya huko Osieko bado inawaharibu? Mimi niko imara. Wazee wa rika langu hapa wanatembea na fimbo, mimi bado napanda juu ya lori kushona turubai. Madereva wakifika kwa foleni ya mpaka wanauliza, "Mzee wa sindano yuko wapi?" Huyo ni mimi.

Nakuandikia kwa mkono wangu kwa sababu kwa simu unalia kabla sijamaliza. Wandera ameniambia unamtuma Jumamosi aje amchukue Nabwire, ati mimi nimeshindwa na mtoto. Soma kwanza mpaka chini, halafu uamue.

Ni kweli mjukuu wetu alikaa miezi miwili bila kuonekana kliniki. Hiyo sikufichi. Sikoseli aliyozaliwa nayo inataka damu ipimwe kila mara, na wamemdunga mpaka mishipa imejificha. Siku ya mwisho alishika mlango wa kliniki akapiga nduru, nikambeba mgongoni tukarudi nyumbani. Ningefanya nini? Amepewa jina la marehemu mama yangu. Mimi humwita mama, yeye huniita mtoto wangu. Nani atamshika mama yake adungwe?

Wiki jana macho yake yakawa manjano, akashindwa kumaliza uji. Nikasikia kliniki imeletewa mashine inapima wingi wa damu bila kudunga. Nikamwapia: mama, leo hakuna sindano. Tukaenda.

Mama Wandera, hiyo mashine ni kitu! Iko kama kibanio cha kuanikia nguo. Muuguzi, dada mmoja wa kabila la Wateso, alimbana nayo kidole, taa nyekundu ikaangaza ndani ya nyama, nambari ikatokea bila tone la damu. Nabwire alicheka. Nikawaambia watu wote wa benchi kwamba ni mimi nimemleta.

Nambari ilisema nane. Muuguzi aliponiambia nane si mbaya kwa mtoto kama huyu, nikavaa kofia twende.

"Mzee, keti, sijamaliza," akasema. "Hii mashine bado tunaijaribu kwa watoto wa sikoseli. Damu yao huidanganya. Na haya macho yake hayakubaliani na hiyo nane. Lazima nimdunge kidole, kidogo tu."

"Nimeapa mbele yake," nikamwambia. "Mashine yako imesema. Sasa unabishana na mashine?"

"Nabishana na wewe pia, mzee."

Watu wakacheka. Nikamshika Nabwire mkono tuondoke. Akautoa. "Mtoto wangu," akaniambia mbele ya wote, "nimechoka kuumwa. Nitakubali. Lakini wewe anza."

Mimi! Wewe peke yako unajua kwa nini tangu tuoane hakuna daktari amewahi kunidunga. Mchana kutwa nashika sindano ya turubai ndefu kama kalamu, lakini kile kitu kidogo cha muuguzi kilinitoa jasho.

"Funga macho, mtoto wangu," Nabwire akasema. "Usiangalie."

Mama mmoja wa benchi akaongeza, "Baba, ukianguka angukia huko, hapa nimeweka mayai."

Nilipofungua macho, Nabwire alikuwa ameshatoa kidole chake. Hakulia.

Damu yangu ni ya kijana, muuguzi alikubali. Ya Nabwire ilikuwa tano na kitu kidogo. Tano, si nane! Muuguzi hakungoja chai ipoe. Alipiga simu, siku hiyohiyo tukapelekwa hospitali kubwa, mtoto akaongezwa damu. Kama ningeenda zangu na kofia yangu, leo ningekuandikia barua nyingine. Hiyo siisemi mara mbili.

Usidhani nadharau mashine. Muuguzi alinionyesha kitabu: kila mtoto ameandikiwa nambari ya taa na nambari ya sindano, pamoja, ili walioitengeneza waifundishe kujua damu ya watoto wetu. Mimi nimeona wasomi wengi wakipita huu mpaka, lakini mtu wa kuwa na kifaa kizuri hivyo na bado aangalie macho ya mtoto, ni huyo dada.

Jana tulirudi kupimwa tena. Sikumwapia kitu. Alipoitwa, aliweka mikono miwili juu ya meza: "Hiki cha taa. Hiki cha sindano." Muuguzi akafungua kitabu chake, akaanza na cha taa.

Kwa hivyo Wandera asije kumchukua. Aje kumwona.

Barua hii anakuletea yule mama wa samaki, mpe chai. Msalimie binti yetu, mama yake Nabwire, mwambie mtoto anakula. Msalimie ndugu yangu mdogo wa mashua na shemeji yako wa kanisani, asante kwa maombi.

Nabwire naye anakusalimia. Anasema nikuandikie kwamba pale kliniki nililia. Nimeandika kwa sababu ameketi hapa anaangalia kalamu.

Mume wako,
Baba Wandera